Matumizi ya Nyumbani Tu

Mashine iligoma siku ya mashuka, na kama kuna siku mbaya ya mashine kugoma, basi ni hiyo. Mashuka ya nyumba ya wageni yalikuwa ndani yake. Maji yameingia, yamezunguka, sabuni imetoa povu lake, kisha kimya. Maji hayakutoka. Mama Povu alifunua mfuniko, akayatazama mashuka yaliyolala kwenye maji ya kijivu, akaufunga, akabonyeza kitufe. Akakibonyeza tena. Mashine ikaguna, ikatetemeka kidogo, ikanyamaza kama mtu aliyeanza kusema jambo akaghairi.

Akaipigapiga ubavuni kwa kiganja. "Usinifanyie hivi," akaiambia. "Leo hapana."

Jina la Mama Povu alipewa na mtaa, kwa sababu hakuna aliyewahi kupita uani kwake akakosa kukuta povu. Alikuwa mfuaji wa nguo za watu, na hakuionea haya kazi yake. Alikuwa na jicho ambalo doa halikuweza kulikwepa, na mkono usioweza kuacha kitu kikiwa na alama. Sufuria zake zilisuguliwa hata matakoni. Chupa ikinunuliwa, karatasi yake haikulala nyumba ile. Aliibandua, akasugua gundi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka chupa ikabaki uchi. Mumewe alikuwa akimtania kwamba siku moja atamsugua na yeye mpaka atokee mume mwingine.

Mume huyo, ambaye kila mtu alimwita Fundi, alitoka barazani kwenye meza yake ya redio na pasi zilizofunguliwa. Hakuuliza kuna nini. Aliinama, akaweka sikio ubavuni mwa mashine, akamwashiria mkewe abonyeze. Ikaguna.

"Pampu ya kutolea maji," akasema. "Kuna kitu kimekwama. Kifungo cha foronya, au kibanio cha nywele. Nikifungua hapa nyuma sasa hivi, maji ya chai hayajachemka utakuwa unasuuza."

"Usiiguse."

Fundi alikuwa ameshatoa bisibisi mfukoni mwa koti lake la kazi. Akabaki ameishika hewani.

"Nimesema usiiguse, Baba Watoto. Ina waranti. Mtu mwingine akiifungua, waranti imekufa."

"Mtu mwingine," akasema Fundi. Hakuwa akiuliza. Aliyarudia tu maneno hayo, polepole, akairudisha bisibisi mfukoni.

Lilikuwa donda la zamani. Siku walipoinunua ile mashine, kijana wa dukani mwenye tai nyekundu aliwaambia kwamba inakuja na waranti ya mwaka mmoja, lakini mwaka mmoja ni nini, mama, mwaka si unaisha ukiutazama? Akiongeza kidogo atapata waranti ya nyongeza ya miaka mitatu. Ikiharibika anapiga simu, anakaa na kunyoosha miguu, mtaalamu anamfuata mlangoni. Mama Povu alicheka akasema yeye mtaalamu wake anaye, huyu hapa. Kijana akamtazama Fundi kuanzia kandambili hadi kwenye koti lenye matundu ya kuunguzwa na risasi ya kuchomelea. "Shikamoo, mzee," akasema kwa adabu zote. "Lakini hizi si redio."

Mama Povu akalipa. Alilipa palepale, mumewe amesimama. Kwa Fundi, mke anayelipia mafundi wa kutengeneza ilhali amelala na fundi ni sawa na mke wa mpishi anayekwenda kula mgahawani. Wiki nzima baada ya siku ile hakumwambia mkewe neno zaidi ya salamu, na hata salamu zenyewe alizitoa kama mtu anayelipa kodi.

Lakini mwanamke yule hakuwa amemdharau mumewe. Aliogopa, basi. Redio siku hizi hazitengenezwi, zinatupwa. Pasi ikiungua watu wananunua nyingine. Meza ya barazani ilikuwa ikileta chumvi na viberiti. Chakula chenyewe, na ada ya watoto wawili, vilitoka kwenye mashuka ya nyumba ya wageni. Mashine ile ikifa, nyumba nayo inayumba. Kwa hiyo aliilipia ulinzi, kama mtu anavyonunua kufuli. Hakujua kufuli hilo limemfungia nje mume wake.

Siku hiyo aliyachota maji machafu kwa kopo, akayatoa mashuka moja moja, akayapakia kwenye beseni, akakunja mikono ya gauni.

*

Simu ya huduma kwa wateja ilikuwa na wimbo. Mama Povu aliujua wimbo ule mpaka akawa anaufuatisha akisugua. Bonyeza moja kwa kununua, bonyeza mbili kwa waranti, kisha wimbo, kisha sauti tamu ya binti.

"Pole sana kwa usumbufu, mama. Mtaalamu wetu atawasiliana nawe."

"Lini, mwanangu?"

"Hivi karibuni, mama."

"Hivi karibuni ni kesho au ni mwakani?"

"Ombi lako limepokelewa, mama. Je, kuna jambo jingine nikusaidie?"

"Hilo moja hujanisaidia, mwanangu, nikupe la pili la nini?" Binti akacheka, wakaagana vizuri, na mtaalamu hakuja.

Wiki ikapita, ikaja nyingine. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini kwa Mama Povu iliumiza vidole. Mikono yake ilikuwa imeizoea mashine. Ilikuwa imelainika, imesahau adhabu ya zamani. Sabuni ya unga ikaila ngozi kwenye viungo vya vidole, ngozi ikapasuka, na kila asubuhi alipoitumbukiza mikono majini alifumba macho kwanza. Mashuka mazito yaliyolowa alikuwa akiyakamua kwa kuyafunga kwenye nguzo na kuyasokota. Jioni hakuweza kushika kijiko vizuri.

Fundi alimchotea maji. Hilo halikatazwi na waranti. Alijaza ndoo, akazipanga, akaanika mashuka kwenye kamba ndefu, akarudi kusimama karibu na ile mashine mikono nyuma, kama mgonjwa amelazwa pale na yeye hakuruhusiwa kumwona. Jirani yao wa ukuta wa pili, mwanamke asiyeweza kuacha neno likampita, alichungulia juu ya ukuta akawakuta hivyo.

"Haya ndiyo mganga hajigangi," akasema. "Fundi mzima nyumbani, mke anafua kwa mikono kama enzi za bibi yangu."

"Ina waranti," akasema Mama Povu bila kuinua kichwa.

"Na mumeo je, yeye waranti yake imeisha?"

Fundi alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi. Jirani alipoondoka, alivuta kigoda akakaa mbele ya beseni.

"Mama Watoto," akasema. "Hii waranti. Hata hao watu wakija..."

"Hata wakija nini?"

Alimtazama mkewe usoni, kisha akaitazama mikono yake iliyozama kwenye povu. Alifungua mdomo. Mama Povu angekumbuka baadaye kwamba alifungua mdomo kweli.

"Basi," akasema Fundi. "Nimesahau nilichotaka kusema."

Mwenye nyumba ya wageni alikuja mwenyewe siku ya pili yake. Mtaa mzima ulimwita Shangazi ingawa hakuwa na mpwa hata mmoja. Alikuwa mama mnene, mpole, mwenye kutembea na kitambaa cha kujifutia jasho, na upole wake ndio uliotisha, kwa sababu hakuwahi kuupandisha wala kuushusha kwa ajili ya mtu.

"Mwanangu, mashuka ya Jumatatu yamenifikia Alhamisi," akasema.

"Najua, Shangazi. Mashine imesumbua kidogo. Mafundi wa duka wanakuja."

"Na huyu?" Shangazi akamwelekezea Fundi kitambaa.

"Huyu haruhusiwi," akasema Mama Povu, na aliposikia alichokisema aliona haya, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Shangazi akajifuta jasho. "Mimi nakupenda, wewe wajua. Hakuna anayetakatisha kama wewe. Lakini mgeni halalii mapenzi, mwanangu, analalia shuka. Nitakuvumilia kidogo."

*

Mtaalamu alipiga simu asubuhi moja kusema yuko njiani. Badala ya kufurahi, Mama Povu aliingiwa na kiwewe, kwa sababu siku zote hizo za kungoja alikuwa ameisoma karatasi ya waranti mstari kwa mstari, na mstari mmoja ulikuwa umemnyima usingizi: mashine ni kwa matumizi ya nyumbani tu. Na uani kwake kulikuwa na mashuka ya wageni kama matanga ya meli inayojiandaa kusafiri.

"Anua," akamwambia Fundi. "Anua yote. Mpe jirani."

Wakayaanua, mengine mabichi, wakayarushia ng'ambo ya ukuta, na jirani akayapokea kwa furaha ya mtu aliyepata habari ya mwezi mzima. Kwenye kamba wakatundika nguo zao: sare za watoto, gauni, suruali ya Fundi yenye kiraka. Mama Povu alizitazama akaona ni chache mno kwa mtu mwenye mashine kubwa hivyo, akaingia ndani akatoa mapazia yaliyokuwa masafi, akayalowesha, akayaanika nayo. Mwanamke mzima, mwenye heshima zake, anadanganya kwa mapazia. Fundi akaenda kusimama mlangoni.

Mtaalamu alikuwa kijana aliyevaa ovaroli lenye nembo ya duka mgongoni. Aliitikia salamu, akakubali maji ya kunywa, akaizunguka mashine. Hakuiwasha. Hakuweka sikio. Alipiga goti nyuma yake, akamulika kwa tochi mahali ambapo bati la nyuma linakutana na ubavu, juu kidogo ya skrubu. Akakaa hapo. Kisha akainuka, akajipangusa goti.

"Nani ameifungua hii mashine?"

"Hakuna," akasema Mama Povu. "Haijaguswa."

"Kuna stika hapa, mama. Ya fedha, ndogo hivi, ina mhuri wetu. Inashika bati hili na hili. Ukifungua, inachanika. Yako haipo kabisa."

"Labda haikuwekwa."

"Huwekwa mbele ya mteja, na wewe umesaini. Tazama." Akampapasisha kidole pale mahali. "Angalau ingechanwa, ningesema bahati mbaya, imesuguana na ukuta. Lakini hapa hata gundi hakuna. Hii imeondolewa na mtu anayejua kazi." Macho yake yakapita mlangoni, yakavuka mpaka barazani, kwenye ile meza yenye redio zilizofunguliwa na chuma cha kuchomelea. Akatabasamu kidogo, tena si kwa ubaya. "Mzee, sisi mafundi tunajuana."

Mama Povu akageuka. Fundi alikuwa pale pale mlangoni, uso wake umekuwa kama uso wa mtu aliyeitwa jina lake mbele ya watu.

"Baba Watoto. Uliifungua?"

"Sikuifungua."

"Mzee, mimi sikulaumu," akasema mtaalamu. "Mimi mwenyewe ningekuwa na hii nyumbani, mkono ungeniwasha. Lakini kazi ni kazi. Waranti imeondoka. Nyumba ikikubali na kusaini kwamba iliondoa stika, nafunga faili, mnalipa gharama ya safari yangu tu, yameisha. Mkibisha, itabidi mwende ofisini na mashine, na huko wataanza kuuliza mengine." Akazungusha macho kwenye kamba ya nguo, yakatua kwenye mapazia. "Mapazia mnafua kila wiki?"

Fundi akaja, akachukua kalamu, akaweka karatasi juu ya mfuniko wa mashine. Akasaini, akatoa pesa za safari kutoka mfukoni mwa koti lake, pesa za pasi mbili alizotengeneza mwezi ule, akazihesabu mbele ya yule kijana na kumpa.

Mtaalamu alipofika nje Mama Povu alikuwa bado amesimama palepale.

"Nilikukataza," akasema. "Nilikuomba. Jambo moja tu nilikuomba katika nyumba hii."

"Sikuifungua, mke wangu."

"Kwa nini umesaini?"

Fundi akaufuta mfuniko wa mashine kwa ncha ya koti.

"Mtu asiyefanya kitu hasaini. Mtu asiyefanya kitu anabisha, anaapa, anagombana. Wewe umesaini kama unapokea mzigo wako." Sauti yake ilikuwa ndogo kwa sababu jirani yuko nyuma ya ukuta, lakini ilikata. "Mara ya kwanza kijana wa dukani alipokucheka, mimi niliumia, hukujua. Leo nimeona alikuwa sahihi kuniuzia ile waranti. Alikuwa ananikinga na wewe."

Aliyaona maneno yakifika. Hakuyarudisha. Fundi akaondoa macho yake kwake, akaenda kwenye ndoo, akaanza kuchota maji.

*

Doa lilikuwa dogo. Mama Povu alilipeleka mwenyewe kwa mikono yake, limekunjwa ndani ya shuka jeupe, juu kabisa ya furushi, na hakulijua. Shangazi alilipokea furushi mapokezini, akafunua shuka la kwanza kama alivyozoea, kwa kulikung'uta, na hapo ukingoni likaonekana: doa la kahawia, ukubwa wa punje ya mchele, na kando yake jingine.

Wakalitazama wote wawili. Mama Povu akakificha kidole chake cha kati ndani ya kiganja, lakini Shangazi alikuwa ameshakiona. Kilikuwa kimepasuka kwenye kiungo na kimefungwa kitambaa.

"Ni damu yangu," akasema. "Nitalirudia, Shangazi. Ni dakika moja. Maji baridi na chumvi."

"Najua unaweza."

"Sijawahi kukuletea doa. Miaka yote."

"Hujawahi." Shangazi akalikunja lile shuka vizuri, doa likiwa ndani, akaliweka kando. Akajifuta jasho kwa kitambaa, shingoni, kisha mikononi. "Keti, mwanangu."

"Nimeshazoea kusimama."

"Kuna watu wamefungua kule juu, wana mashine mbili. Jana nimewapa mashuka ya ghorofa ya pili nione. Yamerudi jana ile ile." Akatua. "Hayanukii vizuri kama yako. Lakini yamerudi."

Mama Povu aliitikia kwa kichwa. Aliitikia tena, na tena, maana hakujua afanye nini kingine na kichwa chake. Shangazi akamlipa mpaka senti ya mwisho, akamwongezea na kichupa cha mafuta ya kupaka mikono, vile vichupa vidogo wanavyowekewa wageni chumbani. Hicho ndicho kilichomliza njiani. Angefukuzwa kwa matusi angerudi nyumbani ana hasira, na hasira humshika mtu akasimama wima. Amerudi na kichupa cha mafuta.

Nyumbani hakumsimulia mumewe. Alisema tu, "Mashuka yameisha," na Fundi akaelewa, akaketi kwenye kigoda, akashika kichwa. Tangu siku ya kusaini walikuwa wakisemezana kupitia kwa watoto: mwambie baba yako chakula tayari, mwambie mama yako maji yamejaa. Sasa hata watoto wakawa wanatembea kwa vidole.

*

Fundi akamnunulia beseni.

Lile la zamani lilikuwa limepasuka pembeni, limezibwa kwa gundi mara tatu. Alirudi mchana mmoja amebeba la bluu, kubwa, jipya, akaliweka uani, akalitazama, kisha akaenda zake barazani. Hakuwa na neno la kulisindikiza. Mama Povu naye aliliacha pale mpaka kivuli kikahama, kwa sababu hakutaka kupokea zawadi ya mtu aliyemwangusha. Lakini watoto walikuwa na sare za kufua, na beseni ni beseni.

Lilikuwa na stika ubavuni, ya bei na nembo ya kiwandani. Mkono wake ukaenda wenyewe. Akaikwangua pembeni kwa ukucha, akaivuta, ikatoka nusu na kuacha gundi. Akaingia ndani akaleta kitambaa na mafuta ya taa, akalowesha, akasugua kwa kuzungusha, duara dogo, duara kubwa, akapapasa kwa kidole kuona kama bado kunanata. Hakukunata. Pamekuwa laini kabisa, kama hapakuwahi kuwa na kitu.

Kidole chake kikabaki pale.

Hata gundi hakuna, yule mtaalamu alisema. Imeondolewa na mtu anayejua kazi.

Akainuka, akaenda nyuma ya ile mashine iliyokaa kimya, akapiga goti kama alivyopiga goti yule kijana, akapapasa juu ya skrubu. Laini. Ulaini uleule. Na sasa ikamjia yote: wiki ile ya kwanza mashine ilipoingia nyumbani, ilivyokuwa imebandikwa makaratasi kila mahali, ya nyota, ya mishale, ya maandishi ya lugha asizozijua, na yeye alivyoona ni uchafu kumbandika mgeni mzuri namna ile. Aliiosha kama bibi harusi. Mbele, ubavuni, nyuma. Kulikuwa na kijipande cha fedha kule nyuma, king'ang'anizi kuliko vyote. Alikimaliza kwa mafuta ya taa na kijiti cha kiberiti.

Alikaa chini palepale, mgongo kwenye mashine. Alikumbuka aliyomwambia mumewe siku ile, neno kwa neno, na lile la mwisho zaidi ya yote. Akajikuta anatamani angekuwa kweli ni mumewe aliyeifungua.

Fundi alikuwa barazani, ameinamia redio isiyo ya mtu. Mama Povu alisimama mbele ya meza, kitambaa bado mkononi, kinanuka mafuta ya taa.

"Baba Watoto, ni mimi," akasema. "Ile stika. Niliibandua mimi. Ile wiki ya kwanza, nilipoiosha. Sikujua ni kitu." Akakikunja kitambaa. "Nimekushuku mbele ya mgeni, nimekutukana nyumbani kwako. Na wewe umesaini kosa langu. Nisamehe, mume wangu."

Alitarajia atashangaa. Au atakasirika, ana haki. Au atacheka, maana zamani alikuwa mtu wa kucheka. Fundi hakufanya hata moja. Aliweka bisibisi mezani, akaisukuma ikae sawa na ukingo wa meza.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Nilikuona."

Mama Povu hakuelewa. "Ulinionaje?"

"Siku ile. Nilisimama mlango wa uani. Ulikuwa unaimba." Alisema akiitazama meza. "Nilijua ile stika ni ya nini. Mimi fundi, ningekosaje kujua? Nilitaka kukuambia, nikakumbuka yule kijana wa tai, nikakumbuka ulivyomlipa mimi nimesimama. Nikasema moyoni, acha itoke. Siku ikiharibika hao hawatakuwa na njia, ataniita mimi."

Mtaani mtu aliita mtoto wake, mtoto akaitika.

"Na ilipoharibika?" akauliza Mama Povu.

"Ulisema nisiiguse."

"Ungesema."

"Ningesema nini? Kwamba nilikutazama ukiitupa hela yako nikanyamaza? Nilidhani hawatakuja. Watu wa namna ile huwa hawaji. Nilidhani utachoka, utaniambia, Baba Watoto, hebu ifungue."

"Nilichoka," akasema Mama Povu. "Siku ya kwanza nilichoka. Ya pili nilichoka. Wewe ulikuwa unanichotea maji." Akaweka mikono yake juu ya meza, katikati ya waya na skrubu, viganja chini, na vidole vyake vilikuwa na mipasuko myekundu kwenye kila kiungo. "Kila asubuhi ulikuwa unaniona nafumba macho."

Fundi aliitazama. Alinyoosha mkono auguse mmojawapo, na mkewe hakuuondoa, lakini hakuugeuza pia.

"Nilisaini kwa sababu hiyo," akasema. "Nilisaini changu, si chako."

"Chukua hiyo bisibisi," akasema Mama Povu. "Ifungue."

*

Haikuchukua muda. Alilala ubavu kwenye sakafu ya uani, akalegeza skrubu, akalitoa bati, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Alipoutoa alikuwa ameshika kifungo cheupe cha foronya kilichozongwa na nyuzi. Akakiweka juu ya mfuniko. Mama Povu alikitazama tu.

"Tuijaribu na nini?" Fundi akauliza.

Akatazama kote uani. Sare alikuwa ameshazifua kwa mkono. Mapazia yalikuwa masafi tangu siku ya uongo wake. Furushi halikuwepo. Hakukuwa na kitu kichafu katika nyumba yote. Akaingia chumbani, akavua shuka la kitanda chao, akaja nalo, akalitia mashineni.

"Hilo ni safi," akasema Fundi.

"Najua."

Maji yakaingia, yakazunguka. Ukafika wakati wake, pampu ikanguruma, na maji yakatoka kwenye mpira, kwanza kwa kusitasita kisha kwa nguvu, yakakimbilia mtaroni yakiwa meupe kama yalivyoingia. Fundi alisimama ameshika bisibisi, anamtazama mkewe kama mwanafunzi anayengoja majibu.

"Imepona."

"Naona. Inafua nguo za nyumbani, kama karatasi yao ilivyotaka."

"Kesho nitakwenda kwa Shangazi. Nitaongea naye."

"Utamwambia nini?"

"Kwamba mashine imepona. Atupe hata ghorofa moja."

"Na atakapouliza kwa nini hukuitengeneza siku ile ya kwanza, alipokunyooshea kitambaa chake? Utamwambia?"

Fundi akafungua mdomo. Mama Povu alimngoja. Alimngoja kwa moyo wake wote, mpaka mashine ikamaliza kuzunguka na kutulia, na mdomo ule ukajifunga taratibu kama alivyouona ukijifunga siku ile mbele ya beseni.

Basi akafunua mfuniko, akalitoa shuka, akaenda kulianika. Fundi alikuja kumsaidia akashika ncha moja, wakalinyoosha bila kutazamana. Kamba ndefu iliyozoea mashuka ya wageni ilibeba lile moja tu, katikati, na lilihitaji kukauka kabla ya giza, kwa kuwa hawakuwa na jingine na usiku huo wangelilalia wote wawili.